Mikia ya Nyimbo Aliyoiokota Winfrida Mpozemenya

Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, saa tisa na nusu alasiri, Bi. Winfrida Mpozemenya atafunga mlango wa stoo ya mikanda kwa mara ya mwisho na kumkabidhi mkurugenzi funguo tatu, na mmojawapo haujafungua kitu chochote tangu mwaka 1997. Atakuwa ameitumikia Nyumba ya Sauti, hapa Ujiji, kwa miaka thelathini na sita na miezi kumi na moja. Aliajiriwa tarehe 1 Agosti 1988, msichana wa miaka ishirini na mitatu kutoka Buzebazeba, akapewa cheo cha karani wa stoo. Cheo hicho hakijabadilika hadi leo.

Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu mfupi na wa furaha, usiozidi kurasa mbili, na nisigusie mambo ya sheria. La furaha nitajitahidi. Mengine yamenishinda, kwa sababu siwezi kumuaga Winfrida bila kueleza alichokifanya mwaka huu, na siwezi kukieleza bila kukasirika.

Kwa mgeni aliyekuja kula pilau bila kutujua: Nyumba ya Sauti ni studio ndogo karibu na mwalo wa Ujiji, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Ilianzishwa ili kurekodi nyimbo na ngoma za mkoa huu na kuandaa vipindi vya redio. Zamani tulikuwa tukipanda milimani au kufuata ufuko wa ziwa tukiwa na mashine nzito ya kubebwa na watu wawili, tunarekodi, tunarudi. Mimi nilikuwa, na bado ni, fundi mitambo. Winfrida alipokea mikanda, akaipanga, akaitunza. Kazi hiyo husikika ndogo kwa mtu ambaye hajawahi kuona kile ambacho joto na unyevunyevu wa Ujiji vinaweza kuufanyia mkanda ndani ya masika moja.

Wiki yake ya kwanza alipiga marufuku kula stooni. Sisi tulikuwa na desturi ya kujibanza humo mchana na migebuka yetu ya kukaanga, samaki wa ziwani, kwa sababu ndicho chumba pekee chenye feni. Winfrida alisimama mlangoni akasema kwa upole kwamba mgebuka una mafuta na mkanda haufuliwi, akatuelekeza nje kwenye jua. Miaka michache baadaye alikuja afisa mmoja mgeni, akaingia na kikombe cha chai. Winfrida alikipokea kile kikombe kwa mikono miwili kama mtu anayemsaidia mgeni mzigo, akainywa ile chai yote, kisha akamwambia karibu sasa. Afisa yule aliandika ripoti nzuri sana kuhusu stoo.

Na maji ya ziwa yalipopanda miaka ile, yakafika hadi kwenye ngazi zetu, hakungoja kikao. Alikodi mkokoteni na kuhamishia mikanda nyumbani kwake. Mumewe, Mzee Meshack, alikaa miezi minne sebuleni amezungukwa na maboksi, hana pa kuweka miguu, na aliyemtembelea aliambiwa asiguse ukuta. Mzee Meshack, leo hii umekaa kiti cha mbele, na nafasi hiyo umeistahili.

Sasa nifike kwenye wembe.

Waimbaji wa huku kwetu, hasa wale wa milimani, wana utaratibu wao wa kufunga wimbo. Wimbo ukiisha, mwimbaji haachi tu. Hushusha sauti, kisha anajitaja: yeye ni nani, ni wa nani, ametoka kilima gani. Hapo ndipo wimbo unapofungwa. Kwa hiyo tulipokwenda kurekodi hatukuuliza mtu jina. Ilikuwa ni utovu wa adabu. Kumuuliza mwimbaji jina kabla hajafunga wimbo wake ni kumwambia kwamba unadhani hajui kufunga. Tulinyamaza, tukangoja, jina likaja lenyewe mwishoni, likaingia mkandani. Tukashukuru, tukanywa uji, tukaondoka.

Tulipofika studio, redio ilitaka kila wimbo usizidi dakika nne. Nyimbo za milimani hazikutungwa kwa kuangalia saa. Mtayarishaji wa vipindi alisema msikilizaji hahitaji kusomewa ukoo wa mtu, kwa hiyo mwisho uondoke. Wembe wa kukatia mkanda ulikuwa mkononi mwangu. Nilikata. Nilikata mwisho wa wimbo mmoja, nikakata wa pili, nikakata kwa miaka kumi na mmoja. Baada ya kukata, mezani kwa mtayarishaji ikajazwa karatasi ya kubandika kwenye boksi. Ilikuwa na nafasi ya jina la mwimbaji. Tulisikiliza mkanda uliobaki, jina hatukulisikia, tukaandika kwa mwandiko mzuri kabisa: Hajulikani.

Tulitengeneza ujinga huo wenyewe, kwa mikono yetu, watu wenye akili timamu na vyeti. Niliyekata jina ni mimi, na nilikuwa nimekaa pale mlimani nikilisikia likitajwa. Winfrida alikuja mwaka 1990 kuuliza kama anaweza kuandika majina kwenye maboksi. Aliambiwa kwamba karatasi za maboksi si kazi ya stoo. Akasema sawa, akaondoka. Mwaka 2009 aliandika barua kuhusu jambo hilohilo. Jibu lilikuwa la mistari miwili, na sitalinukuu kwa sababu aliyeliandika ameshafariki.

Mwezi Januari mwaka huu kampuni moja ya Dar es Salaam, ambayo sitaitaja kwa kuwa sherehe hii haina wakili, ilituletea orodha ya nyimbo mia moja arobaini na tatu. Zote zilikuwa zetu, na zote zimeandikwa Hajulikani. Mwakilishi wao, Bwana Ignas, alikuwa mtu mpole, nadhifu, na alimwamkia Winfrida shikamoo kabla ya kuketi. Alitueleza kwamba kuna rasimu ya sheria ya hakimiliki kuhusu kazi ambazo mwenyewe hajulikani. Kwa mujibu wa rasimu hiyo, anayetaka kuitumia kazi ya namna hiyo atatoa tangazo la siku sitini. Mwenyewe asipojitokeza, mtumiaji atapewa kibali, na hata mwenyewe akija kesho yake hataweza kuizuia. Kampuni ilitaka nyimbo zetu ziingie kwenye orodha ya awali ili sheria ikipita wawe tayari. Tangazo walikwishalitoa. Kilichobaki ni mtunza stoo kutia sahihi kwamba wenye nyimbo walitafutwa na hawakupatikana.

Watu wa mjini wanaziita kazi yatima. Yatima ni mtoto aliyefiwa. Hizi nyimbo wazazi wake wako Kalinzi wanachuma kahawa, na walioziondolea ubini ni sisi.

Mkurugenzi wetu, Bwana Yona, ambaye naye anayasoma haya, alikuwa ameshaelekea kukubali. Simlaumu sana. Kampuni iliahidi kutuletea mashine mpya, na paa letu anajua kila mtu lilivyo. Alimwita Winfrida ofisini, nami nilikuwepo kwa sababu nilikuwa natengeneza soketi. Bwana Ignas akamwonyesha pa kutia sahihi.

“Umewatafuta wapi, mwanangu?” Winfrida aliuliza.

“Gazetini, mama. Na kwenye tovuti yetu.”

“Huko ndiko wanakokaa?”

Mimi nilikaza skrubu ambayo tayari ilikuwa imekazwa. Winfrida alirudisha kalamu, akauliza tangazo limetoka lini, akahesabu kwa vidole. Zilikuwa zimebaki siku arobaini na moja. Akaomba apewe hizo.

Nilimfuata hadi stooni nikamwambia asijisumbue. Nilimwambia kile kilichonikaa rohoni kwa miaka mingi: kwamba majina yalikuwa kwenye vipande nilivyokata, na vipande vile vilianguka sakafuni, na vya sakafuni vilifagiwa. Alinitazama kama unavyomtazama mtu mzima aliyesahau njia ya kwake.

“Telesphory, na mfagiaji alikuwa nani?”

Alivuta kiti, akapanda, akashusha kutoka juu ya kabati makopo tisa ya maziwa ya unga. Ndani yake mlijaa vigurudumu vya mbao, vile vinavyobaki uzi ukiisha. Alikuwa akiviomba kwa mafundi cherehani wa Ujiji. Kila kigurudumu kilizungushiwa kipande cha mkanda, na kila kimoja kilikuwa na karatasi ndogo yenye namba ya boksi lake. Tulipokuwa tukikata na kutupa, karani wa stoo alikuwa akisubiri twende nyumbani, kisha anainama na kuokota. Akiba haiozi. Yeye aliita vipande vile mikia ya nyimbo, na hakuwahi kutuambia kwa sababu hatukuwahi kumuuliza. Nilikaa chini sakafuni palepale. Sitaki kueleza zaidi jinsi nilivyojisikia, nimeshakuwa mtu mzima.

Kwa wiki tano tuliunga. Mashine ya zamani niliifufua kwa vipuri vya mashine nyingine mbili. Winfrida alisoma namba, mimi nikapachika mkia kwenye wimbo wake, tukasikiliza, yeye akaandika jina. Mikia mia moja na kumi na minane ilitoa sauti. Ishirini na mitano haikutoa kitu: mingine ililiwa na unyevunyevu, mingine sikuwahi kuikata vizuri, nikaisaga kwenye kichwa cha mashine kinachosoma mkanda. Hiyo ishirini na mitano ni yangu. Sina mtu wa kumsingizia.

Wimbo namba 76 ndio kampuni iliutaka kuliko yote. Tuliurekodi Kalinzi mwaka 1991, wimbo wa kuchuma kahawa, sauti moja ya mwanamke na wenzake wakimpokea. Kusema kweli hawakuutaka tu, walikuwa wameshaanza kuutumia. Ilitokea nakala wakati fulani, sijui kupitia nani, na tangu mwaka jana sauti ile ilikuwa redioni ikiuza magodoro. Mkia wake tulipouunga ulitoa jina la Marcelina wa Ntabaye.

Winfrida hakumpigia mtu simu. Siku ya Jumamosi alipanda gari la abiria hadi Kalinzi, akamalizia kwa bodaboda kwenye njia ambayo magoti yake yaliilalamikia mwezi mzima. Nilikwenda naye. Tulimkuta Mama Marcelina uani, mwanamke wa miaka sabini na mitano, anachambua maharage kwenye ungo. Tukamwamkia kwa Kiha, mwakeye, akatuitikia, akatupa vigoda. Winfrida alipoanza kueleza habari za wimbo, yule mama alimkatisha.

“Ni ninyi mlionipeleka dukani?”

Alikuwa amejisikia. Jirani yake ana redio, na siku moja akiwa shambani alisikia sauti yake ya zamani ikitoka kwenye nyumba ya mtu, kisha mwanamume akaongelea godoro. Alidhani amepatwa na homa. Baadaye alipoielewa, hakumwambia mtu, kwa sababu nani angemwamini. Wimbo ule aliutunga mwaka aliomzika binti yake, Agape, mtoto wa miaka sita. Hakuna picha ya Agape. Jina lake limo ndani ya wimbo mahali pamoja tu, pale mwishoni, mama anapojitaja. Pale nilipokata.

Nilimwomba radhi. Aliendelea kuchambua maharage kwa muda, kisha akasema, “Wewe nakukumbuka. Ulikunywa uji vikombe viwili.” Hakusema amenisamehe, na mimi sikumuuliza.

Mkutano wa kutoa maoni kuhusu rasimu ulifanyika mjini Kigoma zikiwa zimebaki siku tatu. Wasanii walijaa. Shadia, mpiga picha wa Gungu, alieleza jinsi picha yake ya dagaa walioanikwa ilivyokatwa pembe yenye jina lake na kuzunguka kwenye simu za watu mpaka sasa inahesabika haina mwenyewe. Aliuliza kama mtu akikung'olea kibao mlangoni nyumba inakuwa yake. Mwalimu mmoja wa kwaya aliuliza gazeti linafika Kalinzi siku gani. Kila mmoja alipewa dakika tano, na wakubwa wa meza kuu waliandika, au walijifanya wanaandika. Kisha Bwana Ignas akasimama na kusema kwamba kampuni yake inaheshimu wasanii, kwamba wenye nyimbo za Ujiji wametafutwa ipasavyo kwa karibu siku zote sitini, na hakuna hata mmoja aliyejitokeza. Asiyekuwapo na lake halipo. Hakuisema methali hiyo, lakini ndiyo aliyokuwa anaisema.

Zamu ya Winfrida ilipofika hakwenda kwenye kipaza sauti. Alinipa ishara nikawasha mashine.

Wimbo ulipiga dakika zake nne. Watu wengine walianza kutabasamu, kwa kuwa waliujua kwa lile godoro. Dakika ya tano ilipokuwa inaisha, sauti ya Marcelina ikashuka, ndiyo dalili ya kufunga, na mwenyekiti akagonga meza. “Muda umekwisha, mama. Fundi, kata hapo.”

Aliniambia mimi. Kidole changu kilikuwa kwenye kitufe, na kwa miaka yote ya kazi yangu nikiambiwa kata nimekata. Sikukata. Mwenyekiti aligonga tena, sikukata, na mkia ukaja. Nauandika hapa kwa Kiswahili alivyoutafsiri Winfrida: “Aliyeimba ni Marcelina wa Ntabaye, wa kilima cha Kalinzi, mama wa Agape aliyelala. Ukinisikia, niamkie.”

Safu ya tatu akasimama mwanamke mzee mwenye kitenge cha kijani. Hakulia, hakuhutubia. Alisema neno moja, “Nipo,” akabaki amesimama. Na Winfrida, ambaye katika mikutano ya wafanyakazi ya miaka thelathini na sita sikuwahi kumsikia akichangia hoja, akamgeukia mbele ya meza kuu, akapiga goti na kumwamkia. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Ukumbi ulimwamkia Mama Marcelina mtu mmoja mmoja, wazee kwa vijana, na mwenyekiti hakugonga meza tena.

Nyimbo mia moja na kumi na nane zimeondolewa kwenye orodha ya kampuni. Tangazo la godoro limetoweka bila mtu kuomba radhi. Hayo ndiyo mafanikio, nami nayaandika kwa furaha kama kamati ilivyotaka. Lakini nyimbo ishirini na tano bado ziko kwenye orodha ile. Rasimu bado ina kifungu kilekile na siku sitini zilezile, na tumeandikiwa kwamba maoni yetu yamepokelewa. Popote nchini ambapo hakukuwa na karani wa kuokota sakafuni, wenye kazi wataamka siku moja na kujisikia wako dukani. Na hapa kwetu, wiki iliyopita tulitangaziwa kwamba nafasi ya karani wa stoo haitajazwa kwa sababu haionekani kuwa na tija. Mliotoa uamuzi huo mko ukumbini. Nimeandika sentensi hii mara tatu nikijaribu kuilainisha, nikaiacha ilivyo. Aliyeibeba heshima ya nyumba hii kwa miaka thelathini na saba kasoro mwezi mmoja alikuwa na ufagio na makopo tisa, na ninyi mnatafuta tija.

Winfrida mwenyewe hana hasira, au anazificha vizuri. Ameniambia kwamba akishapumzika wiki moja ataanza kupanda milima na orodha ya zile ishirini na tano, kilima kwa kilima, akiwaimbia wazee mwanzo wa kila wimbo mpaka apatikane wa kuumalizia. Mzee Meshack ameshanunua viatu. Mimi nimebakiza miaka miwili, na Jumamosi zangu nimempa zote.

Dada yetu Winfrida, asante kwa kuinama tulipokuwa tunatupa. Nenda ukapumzike ukiwa mzima, magoti yakutii, wajukuu wakusumbue kwa kiasi, na kwenye kila mlango utakaobisha hodi milimani ukutane na mtu anayekumbuka.

Nimezidisha kurasa, najua. Kamati ikitaka kupunguza, ipunguze katikati, iondoe ya migebuka na ya chai. Mwisho isiuguse. Aliyeimbiwa ni Winfrida binti Mpozemenya, wa Buzebazeba, mtunza mikia ya nyimbo. Aliyeandika ni Telesphory mwana wa Ruhuza, wa Gungu, aliyekuwa na wembe.